Kiti Kimoja kwa Wakwe Wawili

Wadogo zangu mnaokaa sasa kwenye madirisha ya tiketi na kwenye mizani za kiwanja cha ndege, poleni na kazi. Kabla ya yote naomba radhi kwa mwandiko wangu na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba na kalamu yangu haina haraka. Ukurasa huu peke yake umenila asubuhi nzima. Mkikuta neno halieleweki, lisomeni mnavyodhani nilikusudia. Sisi mawakala tumeyasoma hivyo majina ya abiria siku zote, na wengi wao walifika.

Nimestaafu. Najua mtacheka, kwa sababu kichwani sina mvi hata moja na mama yangu bado ananituma chumvi. Lakini zamani mtu alistaafu mzee kwa kuwa na kazi yenyewe ilizeeka naye. Katika soko huria kazi inazaliwa, inanunuliwa suti, inaumwa na kuzikwa kabla mfanyakazi hajapata mchumba. Kwa hiyo nimestaafu kijana, na ninawaandikia ninyi mlio wadogo zaidi yangu katika kazi, hata kama wengine mna ndevu.

Nilianzia dukani kwa Bwana Sefu, Nyamagana hapa Mwanza, mtaa wa nyuma ya soko. Lilikuwa duka la vipuri vya baiskeli. Siku zile kila mtu alikuwa ameambiwa ruksa kufanya biashara, na kila mtu akawa anafanya ya mwenzake pamoja na yake. Mpiga picha aliuza mchele. Fundi cherehani aliuza dawa za mifugo. Bwana Sefu naye akaandika chini ya kibao chake, kwa rangi iliyobaki: TIKETI ZA NDEGE. Ndugu yake wa Dar es Salaam alikuwa wakala mkuu wa kampuni yenye ndege ndogo, zile ambazo rubani anageuka na kukusalimia. Wakati huo Bwana Sefu mwenyewe alikuwa hajawahi kupanda ndege. Alisema hicho si kikwazo, maana hata baiskeli hajui kuendesha.

Siku ya kwanza alinikalisha mezani kati ya minyororo na mipira, akaniambia mteja akiingia niseme karibu. Mteja akaingia. Nikafungua mdomo, sauti ikabaki tumboni. Mimi ni mtu wa haya tangu utoto. Nyumbani kwetu Pasiansi wageni walidhani mama ana watoto pungufu kuliko alionao. Yule mteja akanitazama, akatazama ukuta, akanunua mpira wa ndani na kuondoka. Alikuwa amekuja kwa ajili ya safari ya Dar.

"Shija," akaniambia Bwana Sefu, "unauza tiketi au unaomba msamaha?"

"Naomba msamaha, bosi."

"Basi omba kwa sauti."

Aliyenifundisha kazi hasa ni Dada Veneranda, mwanamke wa Bukoba aliyepunguzwa kazi kwenye shirika moja la umma, akaja kwetu na viatu vya ofisini na subira ya hospitali. Alinifundisha kuweka kaboni upande wake, kwa sababu ukiigeuza tiketi inajiandika mgongoni na abiria anaondoka na karatasi tupu. Alinifundisha kuwaambia Dar majina kwa simu: unapaza sauti, unarudia, unasikiliza mwenzako anavyokurudishia jina jingine kabisa, unashukuru, unakata. Alisema abiria akikasirika umpe kiti, na kiti kikikosekana umpe maji.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa mizani. Ndege ndogo haiendi kwa kukisia. Rubani lazima ajue uzito wa kila mtu na mzigo wake, ili wazito asiwarundike upande mmoja. Mizani yetu pale kiwanja cha ndege ilikuwa ile ya kusimama juu yake, yenye bamba la chuma, iliyonunuliwa siku ghala la chama cha ushirika lilipouzwa. Ilikuwa imepima pamba maisha yake yote. Wakulima waliilaani kwa kuwa ilipunguza. Wasafiri waliipenda kwa sababu hiyo hiyo.

"Mtu akipanda hapo," Dada Veneranda aliniambia, "wewe tazama sindano, usimtazame yeye. Andika, funga mdomo. Uzito wa mtu si tangazo la msiba."

Kwa mara ya kwanza nikaona haya zangu zina kazi. Wanawake wa mjini walipanga mstari kwangu wakamwacha yeye. Shida yangu ilikuwa mizigo tu. Kulikuwa na yule aliyegoma kuweka gunia la dagaa juu ya bamba akisema ni mzigo wa mkononi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Kwani nimelibeba kwa mguu?" Dada Veneranda alikuwa na jibu, lakini hilo siliandiki.

Baadaye naye alirudi Bukoba kufungua duka lake mwenyewe la mikate na tiketi za meli, nikaachiwa mizani ya kiwanjani peke yangu. Hapo ndipo Bwana Sefu alipogundua jambo lililotuharibia wote: kwamba wakala naye anaweza kuwa na wakala. Akampa kinyozi wa kijiji cha Kisesa ruhusa ya kuuza. Mtu alikuwa anakaa kunyolewa anainuka na tiketi. Ujumbe wa kinyozi uliletwa mjini na dereva yeyote wa lori la pamba, kwa mdomo, sisi tukaupeleka Dar kwa simu, wakala mkuu akaupeleka kwenye kampuni. Kila mmoja aliongeza kidogo kwenye bei na kupunguza kidogo kwenye jina.

Mambo yakiharibika, mteja alikuja kwa Bwana Sefu. Bwana Sefu alimwambia hilo ni la wakala mkuu. Wakala mkuu alisema iulizwe kampuni. Kampuni ilijibu kwa heshima kwamba yenyewe haimjui mteja huyo, amwone aliyemuuzia. Mteja akarudi Kisesa akamkuta aliyemuuzia anamnyoa mwingine. Kuna watu walizunguka ofisi zote za usafiri hapa nchini bila kuinuka ardhini.

Na kulikuwa na kuthibitisha. Kanuni ilisema abiria apite dukani siku moja kabla, aseme kwamba bado anasafiri. Ninyi mnawajua watu wetu. Mtu mwenye safari haendi mwenyewe, ana shughuli ya kuaga. Anamtuma mdogo wake. Shangazi naye, kwa mapenzi, anapita akitoka sokoni. Mjomba wa mkewe anaona asije akalaumiwa, anapita pia. Jioni Dar wanakuwa na abiria watatu wa kwetu wenye jina moja, na asubuhi kiwanjani anakuja mmoja. Kadiri familia ilivyompenda mtu ndivyo ilivyomharibia safari. Mwishowe wakala mkuu akaagiza vijana wake: mkiona majina yanayofanana kutoka Mwanza, acheni moja, futeni mengine. Ilikuwa mara ya kwanza Dar kutumia akili katika biashara yetu. Ndiyo iliyotuponza.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hii ndiyo kesi iliyonistaafisha.

Kulikuwa na mfanyabiashara wa samaki anaitwa Masalu, mtu mkubwa wa mwili na mpole, anakaa mjini. Mkewe anaitwa Minza. Minza alikwenda Dar kumsalimia dada yake, mimba yake ikiwa bado changa kiasi cha kusafiri, akakaa huko miezi, nayo karibu na kujifungua ikageuka kuwa na matatizo. Simu ikaja kwamba amelazwa, atapasuliwa mtoto atolewe, na madaktari wanataka ndugu wa kumtolea damu. Yule dada alikuwa hafai kutoa. Alikuwa mgonjwa mwenyewe. Upasuaji ulikuwa unasubiri watu wa Mwanza. Masalu akaja dukani mbio, akamweleza Bwana Sefu habari yote ya mkewe Minza. Bwana Sefu alikuwa katikati ya kuuza pedeli. Alipopiga simu Dar, jina alilokumbuka ni Minza.

Kisesa nako habari zilifika. Mama mzazi wa mgonjwa, ambaye kijiji kizima hakimwiti jina jingine ila Mama Minza, akakatiwa tiketi na kaka yake kwa kinyozi. Jina likafika Dar: Mama Minza. Vijana wa wakala mkuu wakaona Minza na Mama Minza, ndege moja, Mwanza ile ile. Wakacheka, wakafuta moja.

Asubuhi ya safari nilikuwa kiwanjani na mizani yangu. Abiria wengine nilikuwa nimeshawapima. Masalu alifika akasimama mbele yangu ameshika tiketi na mfuko mmoja. Kabla sijamwambia apande kwenye bamba, gari likamshusha Mama Minza, kaka yake akaweka kifurushi chake chini, akaaga, akageuza gari. Mama akanyanyua macho, akamwona Masalu.

Wale wa pwani wanaoweza kusoma hapa niwaeleze. Kwa Wasukuma wanaoshika mila, mtu na mama mkwe wake hawakutani. Si ugomvi. Ni heshima, tena heshima nzito. Hawatazamani, hawapeani mkono, hawali pamoja, hawasemezani ana kwa ana. Akimwona njiani anaingia kwenye mtama. Pale kiwanjani mtama haukuwepo. Mama Minza akajifunika kanga mpaka puani na kugeukia ukuta. Masalu akageukia ziwa. Wakasimama hivyo, wamepeana migongo, mizani katikati, na mimi nyuma ya mizani nimeshika tiketi mbili za kiti kimoja.

Rubani akaja kuchukua uzito. Nikamweleza kwa sauti ya chini.

"Nina nafasi ya mtu mmoja," akasema. "Nani anapanda ni kazi yako. Mimi yangu ni kuondoka."

"Ndege nyingine ni lini?" akauliza Masalu, akiliuliza ziwa.

"Ijumaa, mzee."

Ilikuwa Jumanne. Treni ingewafikisha Ijumaa hiyo hiyo au baada yake. Sote watatu tulielewa Ijumaa maana yake nini kwa Minza.

"Mwambie mama apande yeye," akasema Masalu. "Ni mtoto wake."

Nikageuka. "Mama, shikamoo. Anasema—"

"Marahaba mwanangu. Nimesikia. Mwambie apande yeye, ni mwanamume, ana damu nyingi."

"Baba, mama anasema—"

"Nimesikia."

"Sasa kama mnasikiana, mbona mnanituma?"

"Hata kama amesikia, mwambie!" akasema Masalu, na jasho linamtoka. "Mwambie damu yangu si ya kundi la Minza, walishanipima siku ya mtoto wa kwanza. Mimi naenda kwa kuwa mwingine hayupo. Kama mama yupo, ya mama ndiyo itakayofaa."

Nikamwambia. Mama Minza akauambia ukuta: "Mwambie mimi Dar sijawahi kufika. Hospitali siijui, barabara siijui, dada mtu ni mgonjwa kitandani. Nitashuka pale na damu yangu, nimpe nani? Mwambie bila yeye mimi ni mzigo uliopotea."

Hapo kila mmoja akawa amemwachia mwenzake kiti, na hakuna hata mmoja aliyeondoka. Abiria wengine walikuwa wameshaanza kunitazama. Mnajua mtu wa haya akitazamwa na watu wengi anavyokuwa. Nilitamani nipande mizani mwenyewe nijipeleke kwenye mizigo.

Ndipo akaja Bwana Sefu. Siku hizo alikuwa ameshakuwa mtu wa ndege. Kila akitaka vipuri alikwenda Dar bure, akikalia kile kiti cha mbele kando ya rubani, akisema anakwenda kukagua huduma. Akaja na miwani myeusi na maboksi yake matupu ya kujazia mali. Nikamweleza yaliyotokea, nikimwomba kwa macho.

Akawatazama wale wawili na migongo yao. "Hii ni ndege au ni ukweni?" akacheka. "Shija, mmoja apande, mwingine aende Ijumaa. Wakibishana, waambie wamwone kinyozi."

"Bosi, mgonjwa anasubiri wote wawili."

"Kwani mimi ni daktari? Haya, chukua maboksi."

Nikayachukua. Nikayaweka juu ya bamba. Nikatazama sindano, kama nilivyofundishwa, nisimtazame yeye. Halafu nikasikia mtu anasema, na sauti ilikuwa yangu:

"Tiketi yako, bosi."

"Nini?"

"Tiketi. Nikishapima naandika namba ya tiketi."

"Shija, wewe mzima? Tiketi mimi ndiye ninayeziuza!"

"Ndiyo, bosi. Hukujiuzia."

Abiria mmoja akacheka, wa pili akamfuata. Bwana Sefu akavua miwani. Akamgeukia rubani, anayejuana naye kwa safari nyingi za bure. Rubani akatazama saa, akatazama wale wawili, akatazama maboksi. Nadhani naye alikuwa amechoka kukaguliwa huduma.

"Kijana anasema kweli," akasema. "Asiye na tiketi sipandishi. Kile cha mbele ni kiti kama viti vingine."

Bwana Sefu akanisogelea. "Hao wakiondoka wote wawili," akaniambia taratibu, "kesho usije dukani."

"Sawa, bosi."

"Wala keshokutwa."

"Sawa, bosi."

Alingoja niombe msamaha. Nilikuwa nimeushika mkono wa mama nampandisha kwenye mizani.

Haikuwa imeisha. Mama hakutaka sindano imsome mkwe wake akiwa hapo, akanituma nimwambie asogee. Masalu alikwenda mpaka kwenye uzio akaziba masikio kwa viganja, mtu mzima, mfanyabiashara, mbele ya kiwanja kizima, na hakuna aliyemcheka. Kisha ikawa zamu ya mama kugeuka. Nilipomaliza nikaona bahati moja: kiti cha mbele kina mlango wake, na viti vya nyuma vina mlango wao. Nikapanga mama akae kando ya rubani, na Masalu akae mwisho kabisa, karibu na mizigo. Rubani alikagua hesabu ya uzito akasema inakubali.

"Mwambie asipande mpaka nifunge mkanda," akasema mama.

"Mwambie afunge taratibu," akasema Masalu, amerudi kwenye uzio, masikio ameziba.

Waliruka. Niliangalia mpaka ndege ikawa ndogo juu ya maji, nikaiegemeza mizani ukutani, nikaenda nyumbani kwa miguu. Ndivyo nilivyostaafu. Sikupewa saa ya ukutani wala hotuba. Bwana Sefu alibaki kiwanjani na maboksi yake akitafuta gari la kumrudisha mjini, na nasikia siku hizi kwenye mizani amemweka mpwa wake, asiyeuliza mtu yeyote chochote.

Wiki hii Masalu amekuja Pasiansi kunitafuta. Alifika na samaki wawili na uso wa mtu aliyelala vizuri. Walimkuta Minza yuko hai. Damu ya mama ikachukuliwa jioni ile ile, akapasuliwa, mtoto wa kike akatoka analia. Masalu ametangulia kurudi Mwanza kuangalia biashara yake. Mama amebaki anamlea mzazi. Alinipa ujumbe wa mama, ambao mama alimpa Minza, Minza akampa mumewe, wote wakiwa hospitali moja na pazia katikati.

"Mama anasema," Masalu akaniambia, "kwamba kutoka mbele ziwa linaonekana lote mpaka visiwani. Na kwamba tangu Mwanza mpaka Dar hakugeuka nyuma hata mara moja."

"Na wewe?"

"Mimi nilifumba macho, bwana. Sijui hata tulipita wapi."

Tukala samaki. Alipokuwa anaondoka akasimama mlangoni akakuna kichwa. Minza akipata nguvu watarudi Mwanza, na daktari amekataza treni. Mama atarudi naye kumbebea mtoto. Masalu mwenyewe lazima aende kuwachukua. Watakuwa wanne katika ndege ile ile ndogo, na mimi sina tena mizani.

Kwa hiyo ninyi mnaofanya zamu upande wa Dar, nawaombeni. Akija mama mmoja mnene kiasi, amejifunika kanga mpaka puani, mtoto mchanga mkononi, na mbali kidogo nyuma yake mwanamume mkubwa anayetazama upande mwingine, msiwaulize kama wamegombana. Mpimeni mama kwanza, msitaje. Mpeni kiti cha mbele, hata kama kuna mtu wa miwani myeusi anakidai. Halafu mniandikie, mstari mmoja unatosha, mniambie wamepanda wote na mtoto alilia kiasi gani. Mimi nitajibu. Nitachelewa tu.